Jinsi ya kumfundisha mtoto tofauti ya tunda na mboga, nyanya ikiwemo

Jumamosi moja nimetoka zangu sokoni Mgandini, hapa Tanga, na kikapu kimejaa, nikakitua jikoni, binti yangu wa miaka 6 akaanza kutoa vitu kimoja kimoja anaviweka mafungu mawili, huku matunda huku mboga, maana ndo mazoezi waliyopewa shule wiki hiyo. Embe huku, mchicha kule, pera huku, karoti kule, akafika kwenye nyanya akasimama nayo mkononi. Mama, hii inakaa wapi? Nikamjibu haraka haraka, mboga hiyo mwanangu, weka kule. Kaka yake, yaani mtoto wa dada yangu ana miaka 9 tunakaa nae, akadakia, "mama mdogo, mwalimu wetu wa sayansi kasema nyanya ni tunda". Basi wakabishana hapo mpaka mdogo akalia, na kilichoniuma ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi ila hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwa nini wote wako sahihi.

Tangu siku hiyo nimefundisha hili somo nyumbani mara kadhaa, kwa wa kwangu na kwa watoto wa majirani wanaokuja kucheza, na kila mara naona linavyowakaa vizuri likienda kwa vitendo, kwahiyo naandika hapa jinsi ninavyofanya ili mzazi au mlezi mwingine asipate tabu.

Kabla hujagusa kisu, weka sawa kichwa chako mwenyewe kwanza. Tunda ni jina la kiungo. Mmea una mzizi, una shina, una jani, una ua, una tunda, kama vile mtu ana mguu na sikio. Mboga sio kiungo, mboga ni kazi ya jikoni. Fikiria sisi wenyewe tunavyoongea, mtoto anaporudi shule anauliza "leo mboga nini?" unamjibu dagaa, au maharage, au nyama, au kisamvu, na hakuna anayeshangaa kwamba dagaa ni mboga, kwa sababu kwenye Kiswahili chetu cha nyumbani mboga ni kile kinachoushushia ugali. Ndo maana tukitaka kusema vile vya kijani tunaongeza neno, tunasema mboga za majani au mbogamboga. Kwahiyo ukimuuliza mtoto "nyanya ni tunda au mboga?" umemuuliza swali kama la "bibi yako ni mama yangu au ni fundi cherehani?" Bibi ni mama yangu NA ni fundi cherehani, lile moja linasema amekuwaje kwangu, lile jingine linasema anafanya kazi gani. Mimi huu mfano ndo nilioutumia kwa wanangu kwa sababu mama yangu kweli anashona, wewe tafuta wa kwako, baba ni baba na ni dereva, shangazi ni shangazi na ni muuguzi. Watoto wanaelewa hapo hapo. (Na wa kwangu walichekaje walipokumbuka kwamba kuna watu bibi wanamuita nyanya.)

Kwahiyo mtoto anahitaji maswali mawili, na uyaseme kwa sauti mpaka ayakariri: kimetoka sehemu gani ya mmea? Na sisi tunakilaje? La kwanza ni la shambani, la pili ni la jikoni.

Sasa kikapu. Usinunue vingi, vitu kumi na kitu vinatosha na vyote vitaliwa jioni. Chukua nyanya, bamia, bilinganya au nyanya chungu, tango, hoho, pera au embe, ndizi mbivu, kitunguu, karoti, kiazi kitamu, kipande cha muwa, na maharage mabichi yakiwa bado kwenye maganda kama ni msimu wake. Halafu mchicha, na hapa nisikilize vizuri, nunua fungu lenye mizizi yake, lile lililong'olewa zima, usichukue uliokatwa tayari. Mchicha wenye mizizi ndo mwalimu wako wa kwanza.

Anza nao. Shika mche mmoja mbele ya watoto, waonyeshe huu hapa mzizi unakunywa maji, hili shina linabeba, haya majani yanapika chakula cha mmea kwa kutumia jua. Kama mche umekomaa utakuta kileleni kuna kishungi cha maua madogo madogo kimeanza, ukikipukuchua kilichokauka unapata vimbegu vyeusi vinavyong'aa. Waulize, sisi huwa tunakula wapi hapa? Majani na vishina laini. Basi, mchicha tumekula jani. Usizidishe maneno.

Kisha ndo unawaambia tunda ni nini, na mimi nasema hivi: ua likishatembelewa na nyuki, lile tumbo lake dogo la ndani linaanza kuvimba, kwa sababu limebeba mbegu. Tumbo la ua lililobeba mbegu ndo tunda. Likishaiva linaita wanyama na ndege na watu waje wale, mbegu zisambae mbali na mama yao. Hapo usishangae wakakuuliza maswali mengine kuhusu matumbo, jibu kwa kiasi cha umri wao uendelee.

Sasa kata. Mzazi ndo anashika kisu, mtoto anashika kitu kikishakatwa. Kata kwa kupingasha, sio kwa urefu, kwa sababu ukipingasha unaona vyumba vya mbegu. Bamia ukiipingasha inatoa nyota, mara nyingi yenye pembe tano, na kila chumba kina mbegu zake nyeupe zimejipanga, wanangu walishangaa sana kwamba kitu kinachoteleza mdomoni kila siku kina nyota ndani. Tango lina sehemu tatu. Hoho ina vyumba vitatu au vinne na mbegu zimejazana juu karibu na kikonyo. Nyanya mbegu zimelala kwenye ule utelezi. Bilinganya mbegu ndogo ndogo za kahawia. Pera unajua mwenyewe. Vyote hivi weka upande mmoja na uwaambie hivi vyote ni matunda, vimetoka kwenye ua, mbegu zimo.

Alafu kata karoti. Hakuna mbegu. Kiazi kitamu, hakuna. Kitunguu, hakuna, ila kina matabaka yamevaana kama nguo, hayo matabaka ni sehemu za chini za majani zilizonenepa zikaweka akiba, na kule chini kabisa utakuta nywele nywele kavu, hiyo ndo mizizi. Karoti na kiazi kitamu ni mizizi. Kiazi mviringo ukiwa nacho, hicho ni shina lililovimba chini ya ardhi na yale macho yake ndo sehemu za kuchipua, lakini hili mimi nilimwambia wa miaka 9 tu, wa miaka 6 nikamuacha, alikuwa ameshajaza kichwa.

Ukimaliza kukata usitupe kile kichwa cha karoti. Kiweke kwenye sahani yenye maji kidogo, upande uliokatwa ukae chini, dirishani. Baada ya siku chache kinatoa majani ya kijani. Hakitatoa karoti nyingine, majani tu, lakini mtoto anaona kwa macho yake kwamba kile alichokuwa anakula kilikuwa mzizi na kichwani pake ndo majani yanapoanzia. Na kile kipande cha bamia chenye nyota chovya kwenye rangi ya maji ugonge kwenye karatasi, inatoka mihuri mizuri, hapo wadogo wa miaka 3, 4 ndo pao, wewe wape hiyo kazi wakati unawaeleza wakubwa.

Kuna kipimo kingine kinachowafurahisha, kutafuta kofia. Nyanya ina kinyota cha kijani pale kikonyo kinapoungana, bilinganya ina kofia kabisa na miiba miiba, hayo ni mabaki ya ua. Geuza pera, kwenye kitako chake kuna kitu kama taji kavu, hayo nayo ni mabaki ya ua, komamanga ndo taji lake linaonekana zaidi. Karoti haina, mchicha hauna. Mtoto akishajua kutafuta kovu la ua anakuwa kama mpelelezi, kila kitu anakigeuza chini juu.

Nikufundishe na dokezo moja lililo ndani ya lugha yetu wenyewe, hili nililigundua nikiwa naongea nao tu. Mti wa embe ni mwembe, wa pera ni mpera, wa chungwa ni mchungwa, wa papai ni mpapai, wa nyanya ni mnyanya, wa nazi ni mnazi. Unaona, tunda tunaliita kwa kuliondolea ile M ya mti, kama mtoto aliyeshuka kwa mama. Lakini mchicha shambani ni mchicha na kwenye sahani ni mchicha, muhogo ni muhogo, muwa ni muwa, M imebaki pale pale, kwa sababu hapo unakula mwili wa mmea wenyewe, jani au mzizi au shina. Sio sheria, karoti na kitunguu na viazi havifuati, ndizi mama yake anaitwa mgomba, na karafuu inatoka kwenye mkarafuu lakini sio tunda, karafuu ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa likiwa kichwa tu. Ila kama dokezo la mchezo ni tamu mno, mtajie mtoto mti akutajie tunda, mnaweza kufanya hivo kwenye daladala njia nzima.

Haya, sasa mitego, maana watoto hawakuachii.

Mtego wa kwanza ni utamu. Karibu kila mtoto ataniambia tunda ni kitu kitamu. Hapo ndo natoa kile kipande cha muwa. Mtamu? Mtamu sana. Una mbegu ndani? Hauna, ni shina. Alafu nampa limau alambe. Tamu? Hapana. Kata, mbegu hizi hapa. Basi utamu haujibu swali letu, na pilipili nayo ni tunda, usimpe ailambe, mkatie umuonyeshe mbegu kwa mbali na unawe mikono vizuri na sabuni kabla hujamgusa mtu usoni.

Mtego wa pili ni ndizi. "Mama mbona ndizi haina mbegu?" Kata ndizi kwa urefu, utaona katikati vidoti vyeusi vidogo vimepanga mstari, hivyo ndo mbegu zilizoshindwa kukua. Ndizi za porini bado zina mbegu kubwa ngumu, hizi za kwetu watu walizichagua vizazi na vizazi zile zisizo na mbegu, ndo maana mgomba tunaupanda kwa machipukizi na sio kwa mbegu. Nanasi nalo ni la ajabu, yale macho yake yote kila jicho lilikuwa ua lake, maua mengi yakaungana yakawa tunda moja. Hindi bichi likiwepo ni bora zaidi, kila punje ni tunda dogo peke yake, na zile nywele za hindi kila unywele mmoja umetoka kwenye punje moja, menya taratibu ufuate unywele mpaka uone unapoishia. Huyo wa miaka 9 alikaa na hindi moja nusu saa nzima, chakula kikapoa.

Nazi watakuuliza pia, ni tunda, makumbi na kifuu vyote ni vya tunda, na lile jicho laini katika yale matatu ndo mche unapotokea.

Lakini kwangu mimi mkuu wao wote ni bibo. Kama uko Mtwara au Lindi au hata huku Tanga na pwani yote, msimu ukifika usikose kuwaonyesha. Mtoto anaona bibo jekundu, limejaa maji, lina harufu, na kwa chini limening'inia korosho kama figo. Muulize tunda ni lipi. Atasema bibo. Sasa mpeleke kwenye mkorosho wenyewe kama unaweza, aone hatua: baada ya ua, kinachotangulia kukua ni ile korosho ya nje na ganda lake, bibo bado halipo kabisa, kuna kikonyo chembamba tu. Baadae kile kikonyo ndo kinavimba, kinajaa maji, kinakuwa chekundu au cha njano. Yaani bibo ni kikonyo kilichonenepa! Tunda la kweli ni ile korosho na ganda lake, na mbegu ndo ile tunayoibangua tukala. Mimi nilivyojua hili nilikaa kimya kidogo, miaka yote nimekula mabibo nikijua nakula tunda, na jikoni ni sawa kabisa kuliita tunda, ila swali la shambani lina jibu lake jingine. Angalizo hapa la lazima, korosho mbichi mtoto asiibangue wala asiing'ate, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi na mdomo vibaya, nimeona mtoto amechubuka midomo siku kadhaa.

Sasa rudi jikoni kwenye swali la pili, tunakilaje? Hapa unawaonyesha kwamba kitu kile kile kinabadilisha kazi. Papai likiwa bivu ni la kula baada ya chakula, likiwa bichi kuna watu wanalikata wanalipika kama mboga. Embe bichi linaingia kwenye mchuzi wa samaki au linaliwa na chumvi na pilipili shuleni wakati wa mapumziko. Ndizi mbivu unampa mtoto mkononi, ndizi mbichi unaichemsha na nyama, kwa watu wa Bukoba na Kilimanjaro ndo chakula chenyewe, sio tunda na wala sio mboga. Na huo mmea wa boga ndo usiseme, majani yake mboga, boga lenyewe linachemshwa linaliwa asubuhi na chai au linapikwa na nazi, mbegu zake zinakaangwa. Mmea mmoja, umepewa kazi tatu. Kunde hivo hivo, majani unapika, punje unapika.

Kuna fungu la tatu watoto wengi hawaambiwi. Muhogo, viazi, magimbi, hivi watu wa lishe hawaviweki kwenye mbogamboga, vinahesabika na ugali na wali kwenye wanga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate angalau gramu 250 za matunda na mbogamboga kwa siku, wa miaka 6 mpaka 9 gramu 350, na kuanzia 10 kwenda juu gramu 400, na humo viazi na mihogo havihesabiwi. Kwahiyo chips sio mboga hata mtoto akilia vipi, na lile bakuli la kachumbari pembeni, nyanya, tango, kitunguu na pilipili kidogo, ndo linahesabiwa. Muulize mtoto kwenye kachumbari matunda ni mangapi. Nyanya, tango, pilipili. Matatu! Kitunguu peke yake ndo jani. Wangu siku hizi wanaila kachumbari kwa sababu ya huo mchezo, zamani walikuwa wanachomoa kitunguu kimoja kimoja.

Na ukimpata mtoto mkubwa mbishi, mwambie hata watu wazima walishafikishana mahakamani kwa hili. Marekani ilikuwa na sheria ya ushuru ya mwaka 1883, mboga kutoka nje zinatozwa asilimia 10, matunda hayatozwi. Mfanyabiashara mmoja wa New York aitwaye Nix alileta nyanya kutoka visiwa vya Karibi akatozwa, akashitaki, akisema nyanya ni tunda. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, mwaka 1893 majaji wakakubali kwamba kwa sayansi ya mimea nyanya ni tunda kweli, ila watu wanaipika na kuila na mlo kama mboga, kwahiyo ushuru unalipwa. Unaona, walitumia maswali yale yale mawili, wakachagua la jikoni kwa sababu sheria ilikuwa ya sokoni.

Kuhusu shule sasa, maana hapa ndo wazazi wengi tunaumia. Mtoto anaweza akapigwa kosa kwa kuweka nyanya kwenye matunda na mwaka mwingine akapigwa kosa kwa kuiweka kwenye mboga. Usimwambie mwalimu wako hajui, unamvunja mtoto. Mimi namfundisha mtoto aangalie somo: kama ni sayansi na wanasoma sehemu za mmea, swali ni la shambani. Kama wanasoma chakula bora na lishe, swali ni la jikoni. Na kama hajaelewa anyooshe mkono aulize, "mwalimu, unamaanisha sehemu ya mmea au tunavyokula?" Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu wa yule mdogo, tukaongea kwa upole tu, akafurahi, akasema atawaambia watoto waje na mchicha wenye mizizi.

Kitu cha mwisho ninachokuomba usikiache ni kupanda, maana yote hayo ya kisu ni ya siku moja, lakini mtoto akiona ua linageuka tunda hasahau. Panda bamia. Hazina masharti, zinapenda joto, ndoo iliyopasuka au kiroba cha sandarusi chenye udongo na samadi kidogo kinatosha, toboa chini maji yatoke. Loweka mbegu usiku mmoja, fukia mbili tatu kwa kina cha kama sentimita 2, zikiota acha mche mmoja wenye nguvu. Mwagilia asubuhi. Kama miezi miwili hivi utaona ua la kwanza, la njano hafifu na katikati jekundu la damu ya mzee, zuri kweli, na linafunguka siku moja tu. Siku hiyo hiyo mpe mtoto kipande cha uzi mwekundu afunge kwenye kikonyo cha hilo ua, bila kukaza, na aandike tarehe. Kesho yake ua limenyauka, atakuja analia limekufa. Mwambie subiri. Petali zikidondoka pale ndani kuna kidole kidogo cha kijani chenye manyoya, na kila siku kinarefuka, haifiki wiki bamia iko tayari kuchumwa. Apime na rula kila asubuhi aandike pembeni ya tarehe.

Kama una nafasi ya shamba ongeza boga, kwa sababu boga lina ua dume na ua jike mbali mbali. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, jike lina kiboga kidogo kimeshajitokeza nyuma yake hata kabla halijafunguka. Mara nyingi madume yanatangulia kwahiyo usikate tamaa ukiona maua yanadondoka tu. Nyuki wakiwa wachache, amkeni asubuhi mapema, chuma dume, ng'oa petali zake, mtoto auguse ule unga wa njano katikati ya ua jike. Kiboga kisipopata unga kinageuka njano kinaanguka, kikipata kinavimba. Yule wa miaka 9 aliweka boga lake hivo, akawa anawaambia wenzake mtaani hili boga nimelizalisha mimi.

Bamia zinachumwa zikiwa changa, chini ya urefu wa kidole chako cha kati, zikizidi zinakuwa ngumu kama kuni. Ila ile yenye uzi mwekundu msiichume. Iacheni ikomae mtini mpaka iwe ya kahawia na ianze kupasuka yenyewe kwenye zile pembe, mtoto aipasue kwa vidole, mbegu zitakuwa za kijivu nyeusi, duara, ngumu, azihesabu, azianike kivulini siku mbili tatu alafu azitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko na jina lake.